Maziwa ya Siagi Yasiyo na Siagi

Pankeki za kwanza nilizopika maishani mwangu zilikuwa na rangi ya manjano kama zimetiwa binzari, na ladha ya sabuni ya mche. Watoto walizitazama, wakanitazama mimi, kisha yule mdogo akauliza kwa adabu zote kama anaweza kwenda kununua maandazi kwa mama wa pale chini. Nikampa hela. Mke wangu hakusema kitu. Waliooa wanaelewa uzito wa hilo.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ni mwalimu wa kemia. Miaka yote nasimama mbele ya darasa nikiimba asidi, bezi na chumvi, halafu Jumapili hiyo nikamtuma binti yangu mkubwa dukani akalete "magadi ya kuumulia". Akarudi na kifuko cha magadi soda, yale ya kulainishia maharage. Nami nikachota kijiko kizima nikakimimina kwenye unga bila hata kugeuza kifuko nisome. Mwanafunzi angenifanyia hivyo maabara ningemtoa nje.

Magadi na bekingi soda ni ndugu, ila si pacha. Bekingi soda ni sodiamu baikaboneti peke yake. Magadi, yale yanayojiganda yenyewe kwenye maziwa ya chumvi kama Natron (maziwa ya flamingo hayo, si ya ng'ombe), yana baikaboneti iliyochanganyika na kaboneti, na kaboneti ni bezi kali zaidi. Kwenye maharage ukali huo ni faida: ganda linalegea upesi, mkaa unaokolewa. Kwenye unga wa ngano ni balaa. Unga una rangi zake ambazo huzioni ukiwa mkavu. Zikikutana na bezi zinajitokeza manjano. Na bezi ikikosa asidi ya kupambana nayo inabaki hapo hapo ikusubiri mdomoni.

Ndiyo maana pankeki za aina hii zinataka maziwa machachu. Uchachu ule si wa kunogesha tu. Ni asidi, na bila asidi bekingi soda haina kazi.

Lakini nimeruka mbele. Kisa kilianzia kwenye simu ya mke wangu. Binti alikuwa likizo ya mwezi wa sita, kachoka kulala, akawa anatazama video za mapishi ya Marekani. Siku moja akanisogezea simu usoni: pankeki nene, zimepangwa moja juu ya nyingine kama magodoro dukani, juu kabisa kipande cha siagi kinayeyuka na kuchuruzika pembeni. "Baba, na sisi tutengeneze." Nikamwambia tunazo, mbona mama yako kila siku anapika chapati za maji. Akaniangalia kama nimemwambia mtumbwi ni meli.

Alikuwa na haki. Chapati ya maji ni unga, maji, chumvi, yai ukiwa nalo, kitunguu ukipenda. Unamwaga rojo nyepesi kwenye kikaango, inatandaa, inaiva bapa, unaikunja unaichovya kwenye chai. Haiumuki na haijawahi kumwahidi mtu kwamba itaumuka. Vitumbua ndivyo vinavyoumuka, lakini vile ni kazi ya hamira, na hamira ni kiumbe hai: inataka uvuguvugu, inataka sukari, inataka saa nzima au zaidi ndipo itoe gesi ya kutosha. Pankeki za kwenye simu zilikuwa zinanyanyuka hapohapo kikaangoni, mbele ya macho. Gesi ni ileile, kabonidioksaidi, ila hapa haitoki kwa kiumbe. Inatoka kwenye ugomvi wa asidi na bezi.

Sisi tunaishi Mabatini, juu kwenye mawe. Anayeijua Mwanza anajua maana yake: kila kitu kinapanda begani, maji, gunia la mkaa, mtungi wa gesi. Kwa hiyo gesi kwetu ni ya chai ya asubuhi na ya mgeni wa ghafla. Mengine yote ni mkaa. Mkaa huo utarudi baadaye katika habari hii.

Mapishi yale yalidai kitu ambacho Wazungu wanakiita buttermilk. Binti yangu, ambaye Kiingereza chake anakiamini kuliko ninavyokiamini mimi, akakitafsiri bila kusita: maziwa ya siagi. Basi Jumapili ya pili (ya kwanza ni ile ya sabuni) tukapasha maziwa, tukatia vijiko viwili vya siagi ya kopo, tukakoroga. Siagi ikaelea juu kama mafuta ya injini pale boti zinapoegesha Kirumba. Bekingi soda safari hii ilikuwa yenyewe, nimeisoma pakiti mara mbili, lakini haikuwa na wa kugombana naye. Pankeki zikatoka nzito, zimenyonya mafuta, zimelala kikaangoni kama ndala.

Jumapili ya tatu nikaingilia kati kisomi. Kikombe kimoja cha maziwa, kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, unaacha dakika kumi, maziwa yanakatika. Njia hii inafanya kazi, na kama huna kingine nyumbani itumie bila aibu. Siki nayo inafaa. Viputo vilipanda, pankeki zikaumuka, watoto wakala na kuomba nyingine. Ningeweza kuishia hapo. Tatizo langu ni kwamba maziwa ya limau hayawi mazito, yanakuwa maji yenye chembechembe, na harufu ya limau inabaki nyuma kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado kasimama mlangoni. Rojo ya kwenye simu ilikuwa na uzito wake. Ilidondoka kutoka kwenye upawa taratibu, kwa madaha, ikakaa pale ilipoangukia.

Mwezi wa nane nikaenda Kwimba kumwona mama.

Kwetu ng'ombe wamepungua, wamebaki wanne, lakini kibuyu bado kipo, na mama bado hamwachii mtu mwingine akishike. Nilimkuta uani chini ya mwembe ameketi, miguu kainyoosha, kibuyu kimelala mapajani, anakisukasuka. Nimekua nikiiona kazi hiyo na sikuwahi kuitazama. Maziwa yanaachwa yagande siku mbili tatu, yanatiwa kibuyuni lakini yasijae, maana yakijaa hayapati nafasi ya kupigana. Kisha ni mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku mazungumzo yanaendelea: nani kaoa, nani kauza shamba, mvua ya vuli itakuja lini. Mwanzoni sauti ya ndani ni ya maji. Baada ya muda mrefu inabadilika, inakuwa ya kitu kinachodunda, na mama hahitaji kuchungulia. Mafuta yameshikana. Anamimina kwenye bakuli kubwa, anaikusanya siagi kwa kiganja, anaiosha kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, na siagi inakwenda zake kupikwa samli.

Yanayobaki kwenye bakuli ni meupe, mepesi, machachu, yanaelea vipunje vidogo vya siagi vilivyotoroka kiganja. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunamiminiwa sisi watoto na ugali wa mtama. Ukichelewa, yamekwisha.

Nikamweleza mama habari yote ya pankeki, pamoja na sabuni. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuosha siagi.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "si huo hapo mtindi?"

Kwa mama, mgando na mtindi ni vitu viwili na havijawahi kuchanganyika. Mgando ni maziwa yaliyoganda na mafuta yake yote ndani. Mtindi ni yaliyokwisha kuondolewa siagi. Kamusi za zamani za Kiswahili ziko upande wake. Tuliovuruga ni sisi wa mjini: pakiti dukani imeandikwa mtindi, ndani yake ni maziwa yaliyogandishwa kiwandani na hayajawahi kukutana na kibuyu, na ukiomba mgando muuzaji anakupa pakiti ileile. Neno limebaki, kitu chake kimehama.

Nilirudi Mwanza na dumu la lita tatu katikati ya miguu, kutoka Ngudu, kwenye basi, jua la saa nane, nikijiona mvumbuzi. Kumbe miezi miwili nahangaika na malimau na jibu lilikuwa linamiminwa kwenye bakuli la mama yangu. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika makala hii kichwani, na ilikuwa inaishia hapo, kwa furaha.

Jumapili pankeki zikatoka bapa. Bapa kabisa. Mke wangu akachukua moja, akaikunja, akaichovya kwenye chai. "Mwalimu," akasema, "umezunguka kote huko, umerudi kwenye chapati ya maji."

Hiyo iliniuma kuliko sabuni, maana safari hii nilikuwa na neno sahihi na kitu sahihi. Ikabidi nikae chini niyatafute makosa kama ninavyowatafutia wanafunzi. Niliyapata mawili, na yote yalikuwa yangu.

La kwanza, mtindi wa kibuyu ni mwepesi karibu kama maji, nami niliupima kikombe kwa kikombe kama mapishi yalivyosema, kana kwamba kikombe cha kitu chepesi na kikombe cha kitu kizito vinakunywa unga sawa. Rojo ilitiririka ikatandaa. Hata ikiwa na gesi yote ya dunia, rojo nyepesi haina kuta za kuishikilia. La pili ni baya zaidi. Nilichanganya kila kitu saa tatu asubuhi, halafu nikasubiri mke wangu na watoto watoke ibadani, wale pankeki za moto. Wakachelewa nusu saa. Mtindi wenyewe ulikuwa umezidi kuchacha kwenye lile dumu, na nilikuwa nimetumia bekingi soda peke yake. Bekingi soda haisubiri mtu. Ikigusa asidi inaanza hapohapo, inachemka mbio mbio, na ikimaliza imemaliza. Gesi yangu yote iliondoka kupitia dirishani wakati watu wako kwenye matangazo ya mwisho ya kanisa.

Kwa hiyo inahitajika bekingi pauda pia. Watu wengi wanadhani soda na pauda ni kitu kimoja chenye majina mawili. Bekingi pauda ni bekingi soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu, pamoja na wanga kidogo wa kuzuia unyevu ili visianze kugombana ndani ya kopo. Nyingi zinazouzwa zinafanya kazi mara mbili: kidogo zikilowa, na sehemu kubwa zikipata joto. Hiyo ya pili ndiyo inayokuokoa wewe mwenye watu wanaochelewa. Na kwa kuwa hewa ya ziwani ina unyevu na kopo linaweza kukaa wazi kabatini miezi, lijaribu kabla ya kulaumu maziwa: tia kijiko kwenye maji ya moto. Likitoa povu kwa kelele, bado ni zima. Likinyamaza, tupa. Soda inajaribiwa kwa limau.

Na kulikuwa na jambo la tatu, nililolijua baadaye, likanichekesha. Hata huko Marekani neno lao limehama. Zamani buttermilk ilikuwa ileile ya mama, yale yanayobaki siagi ikitolewa. Siku hizi ya dukani kwao ni maziwa yaliyopunguzwa mafuta, yakatiwa bakteria makusudi yakachacha na kuwa mazito. Kwa hiyo binti yangu aliyesema maziwa ya siagi na mama yangu aliyesema mtindi wote wawili walilipatia neno, na hakuna aliyepatia kikombe. Kilichotakiwa kikombeni kilikuwa kizito na kichachu. Kwa lugha ya mama, mgando.

Mgando nautengeneza mwenyewe, siku ya Ijumaa jioni au Jumamosi. Maziwa tunapata kwa kijana anayekuja na baiskeli kutoka upande wa Kisesa, madumu mawili huku na huku. Juu kwetu baiskeli haipandi, anapiga kengele chini barabarani na sisi tunashuka na sufuria. Kuna kipindi mgando wangu ulikuwa unatengana, maji ya kijani juu nusu nzima, chini kitu legelege. Nikaazima laktomita ya maabara, kile kipimo cha uzito wa maziwa, nikapima. Maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa yanasimama karibu na 1.030. Yale yalisimama kwenye 1.022, yaani yametiwa maji. Sikumgombeza. Nilishuka siku iliyofuata na sufuria mkono mmoja na laktomita mkono wa pili, nikaizamisha mbele yake bila neno, na tangu hapo hatujawahi kuizungumzia.

Maziwa yachemshe kwanza, hata kama mtu anakuambia ya ng'ombe wake ni salama. Kifua kikuu na homa ya kutupa mimba vinapita humo. Yaache yapoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua, tia vijiko viwili vya mgando wa jana au wa pakiti usio na sukari wala ladha, koroga, funika, weka mahali ambapo hakuna mtu atakayeugusaugusa. Bakteria wanakula sukari ya maziwa, laktosi, wanatoa asidi ya laktiki, na asidi ikifika kiwango fulani protini ya maziwa inashikana. Kwa joto la Mwanza asubuhi yake umeganda. Msimu wa mvua unaweza kusubiri hadi mchana. Kabla ya kuutumia upige kwa uma mpaka uwe laini bila mabonge, na kama ni mzito wa kukatika kwa kijiko, ulegeze kwa maziwa ya kawaida. Mimi naweka kikombe kimoja na nusu cha mgando na karibu nusu kikombe cha maziwa, lakini jicho linajua kuliko kikombe.

Vitu vikavu ni vikombe viwili vya unga wa ngano, visizidi, na usiushindilie unga kikombeni. Vijiko viwili vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, na bekingi soda nusu kijiko cha chai tu. Hiyo nusu nina sababu nayo. Mgando wa kiasi hicho una asidi ya kumaliza karibu kijiko kizima cha soda. Ukitia kijiko kizima, pankeki zitaumuka na zitapata rangi nzuri, maana rojo isiyo na asidi inakuwa kahawia upesi, lakini uchachu wote umeuua, na kwa nini basi ulihangaika na mgando? Usipotia soda kabisa, uchachu unabaki wote na pankeki zinakuwa nyeupe kama mgonjwa. Nusu inakuachia uchachu kidogo na kukupa rangi. Kazi ya kunyanyua inabebwa na pauda. Mapishi mengi yanaagiza vijiko vitatu vya pauda, nami nilipunguza baada ya kuona pankeki zinavimba halafu zinabonyea katikati. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Mabatini tuko juu ya ziwa. Hewa nyepesi inaviacha viputo vivimbe zaidi kidogo. Wa Dar es Salaam aweke vitatu ajaribu.

Mayai mawili yapige ndani ya mgando, pamoja na vijiko vitatu vya siagi iliyoyeyushwa na kupoa, au mafuta ya alizeti. Halafu mimina vya maji kwenye vikavu, na hapa ndipo mke wangu na mimi tulipogombana kweli.

Mke wangu anatoka katika ukoo wa wanawake wanaokanda. Chapati zake zinasifiwa mpaka Igoma. Kukanda ndiko kunakojenga gluteni, ile nguvu ya unga inayovutika, na chapati bila gluteni haina tabaka wala haivutiki. Aliponiona nakoroga mara kumi na tano hivi na kuacha, mabonge madogo yakionekana wazi, unga mkavu bado kwenye kingo za bakuli, alininyang'anya mwiko. "Hujachanganya!" Akakoroga mpaka rojo ikang'aa kama hariri. Zile pankeki zilikuwa za mpira. Mtoto alizivuta pembe mbili zikavutika. Jumapili iliyofuata tulifanya mabakuli mawili, lake na langu, tukawapa watoto bila kuwaambia ni ya nani. Sitasema nani alishinda kwa sababu anasoma haya, ila siku hizi anaacha mabonge, na anaviita chakula cha wavivu. Mabonge madogo yanakwisha yenyewe ukiiacha rojo ipumzike dakika kumi: unga unakunywa, gluteni iliyojengeka kwa bahati mbaya inalegea. Ukiirudia kuikoroga baada ya hapo umevunja viputo, ni bora ungekwenda kupika ugali.

Sasa moto. Nimeona mapishi yanayosema "moto wa wastani" kama vile kila mtu ana kitufe. Kwenye jiko la mkaa, wastani unatengenezwa. Ninawasha mapema, nasubiri mkaa uwe mwekundu wote na usitoe ndimi, halafu naufunika kwa majivu yake wenyewe, tabaka jembamba, kama mama zetu wanavyofanya wakipalia wali. Majivu yanazuia hewa, moto unatulia, joto linakuja sawasawa badala ya kuja kwa hasira. Likishuka mno, unapuliza sehemu moja. Kikaango chetu ni cha chuma kizito, kilekile cha chapati. Cha bati jembamba kitakuchomea katikati na kukuachia kingo mbichi. Nyunyizia matone ya maji: yakikaa na kuchemka kivivu, bado, yakikimbia na kurukaruka, tayari, yakitoweka kabla hujayaona, ongeza majivu. Mafuta ni ya kupaka tu, kwa kitambaa au ganda la kitunguu, siyo ya kukaangia. Penye mafuta mengi pankeki inatoka na madoa kama chui na kingo za maandazi.

Upawa mmoja mdogo, umwage mahali pamoja, usiitandaze. Halafu acha. Viputo vinapanda, vya kwanza vinapasuka na kuziba, huo si wakati. Vikipasuka na kuacha vitundu vilivyo wazi, na kingo zimeacha kung'aa, geuza. Mara moja tu. Upande wa pili unachukua nusu ya muda wa kwanza. Na usibonyeze! Mke wangu ana mkono wa chapati, ule wa kugandamiza kingo kwa kitambaa ili chapati ivimbe katikati, na kila pankeki aliyoigusa mwezi wetu wa mwanzo wa pankeki ilitoa pumzi yake ya mwisho chini ya mkono huo. Ile ya kwanza kikaangoni ni ya paka. Hata chapati ziko hivyo, sijui kwa nini watu wanashangaa.

Kwenye video wanamwagia maji matamu ya mti uitwao mepo, mti wa nchi za baridi za Marekani na Kanada. Hapa yakipatikana bei yake ni ya kushangaza, na sioni sababu wakati asali ya Tabora inashuka kila siku stendi ya mabasi. Asali nyeusi, ya miombo, yenye moshi kidogo: juu ya kitu chenye uchachu wa mgando inakaa kuliko hayo ya mepo, na hilo nalisema bila kuyumba. Binti anapenda ndizi mbivu za Bukoba, zile zinazofika na meli, zimekatwakatwa juu. Yule mdogo anakula zake na dagaa wa kukaanga wenye pilipili. Nilimkataza, nikaonja, nikaacha kumkataza.

Mwezi wa kumi na mbili mama alikuja kutusalimia, akapanda mawe yetu yote kwa miguu bila kupumzika, akaniuliza mimi kwa nini nahema. Jumapili binti akampikia. Alipika mwenyewe kuanzia mwanzo, akimweleza bibi yake kila hatua, buttermilk ni nini, maziwa ya siagi, na jinsi Baba alivyokosea. Mama akala ya kwanza mkavu, bila asali. Akala ya pili. Akatazama bakuli la mgando lililobaki, akalivuta kwake, akaumimina uliobaki kwenye kikombe cha chai na kuunywa.

"Ni tamu," akasema. "Sasa siagi yake mmeipeleka wapi?"

Binti akakimbia kabatini akaleta lile kopo. Mama akafungua, akanusa, akaangalia ndani kwa muda, akafunika tena na kulisukuma taratibu upande wangu wa meza.